Wenzako Wote Gani?

Somo la leo si la darasani, ila kwa kuwa mimi ni mtu wa uhandisi, mtanivumilia tukipiga hesabu kidogo.

Chukua wenzako 20 uliomaliza nao kidato cha sita. Tuseme wawili wanaweka picha mtandaoni kila siku, na 18 waliobaki wanaweka moja tu kwa mwezi. Mwezi wa siku 30 ukiisha, wale wawili wametoa picha 60, wale 18 wametoa 18. Jumla 78. Yaani zaidi ya robo tatu ya unachokiona kinatoka kwa watu wawili! Wewe umejilaza chumbani Braamfontein, unasogeza kidole kwenye simu, unasema "wenzangu wote wameshatoka kimaisha." Wote gani? Na hapo hatujahesabu kwamba hata hao wawili hawajipigi picha siku wanayodaiwa kodi.

Mwaka 1991 mtaalamu wa sosholojia, Scott Feld, alionyesha jambo la jamii hiyo hiyo: kwa wastani, marafiki zako wana marafiki wengi kuliko wewe. Si kwamba una kasoro. Mwenye marafiki wengi yumo kwenye orodha za watu wengi, basi kila mtu anamwona yeye.

Kujilinganisha kwenyewe si ugonjwa. Leon Festinger aliandika mwaka 1954 kwamba mtu akikosa kipimo cha wazi hujipima kwa wenzake, hasa wanaofanana naye. Ndiyo maana utajiri wa Bill Gates haukunyimi usingizi, lakini kiwanja cha yule mliyekaa naye dawati moja kinakunyima. Sisi wa shahada za juu tuko pabaya zaidi. Nina miaka 30. Wa rika langu nyumba zao zimefika kwenye lenta, mimi nimefika sura ya tatu ya tasnifu. Lenta inapigwa picha. Sura ya tatu je?

Wala simu haikuanzisha mashindano ya kujionyesha. Babu zetu walikuwa na beni, Marini na Arinoti wakishindana kwa sare na gwaride. Hapa Johannesburg wapo swenka, wafanyakazi wa Kizulu wa mabwenini, ambao Jumamosi usiku huvaa suti na kushindana mbele ya mwamuzi. Jeppe Rønde wa Denmark aliwatengenezea filamu iliyotoka mwaka 2004. Hawa mimi nawapenda, kwa sababu kila aliyemo ukumbini anajua kuwa lile ni onyesho, na Jumatatu mwenye suti atarudi kazini. Mwanzoni mwa miaka ya 2010 wakavuma izikhothane, vijana wa vitongoji kama Soweto na Katlehong waliokuwa wakichana na kuchoma nguo za bei mbaya hadharani. Hapo bili ya onyesho ilimfuata mzazi.

Kwetu wa ng'ambo bili inasafiri pia. Jamaa mmoja alipiga picha Sandton chini ya sanamu ya Mandela, ile ya mita 6, na nyingine ameegemea gari la watu. Hakudanganya, Sandton alifika kweli. Lakini mjomba wake alizisoma picha zile kama hati ya mshahara. Haikupita wiki ujumbe ukaja: "Mjomba, tunaona mambo yako si haba huko. Ada ya mdogo wako vipi?" Kijana akaona aibu kusema hana, akakopa. Muhula uliofuata alikula pap na maharage, huku akiendelea kuweka picha za zamani ili mzee asishtuke. Jamani!

Mwishowe alipiga simu akamsomea mjomba bajeti yake: posho kiasi hiki, kodi kiasi hiki, kinachobaki ni hiki. Mzee akanyamaza, kisha akasema, "Sasa mbona hukusema? Tulidhani unatunyima." Kumbe na mzee naye alikuwa akijilinganisha, maana mtoto wa jirani yuko ng'ambo na nyumbani kwao matofali yanashuka.

Kwa hiyo mwenye mjomba anayesubiri ada, ampigie wikiendi hii, randi kwa randi. Wale wawili wa hesabu yetu unaweza kuwanyamazisha kwenye simu wala hawatajua. Idadi ya zile alama za moyo, Instagram inaruhusu kuificha tangu mwaka 2021, ifiche.

Kisha utafute kipimo chako. Mpima ardhi huanzia kwenye alama isiyosogea, na alama yangu ni daftari. Kila Ijumaa naandika nilichoweza wiki hiyo ambacho wiki iliyotangulia sikukiweza. Ijumaa iliyopita niliandika kwamba vipande vitatu vya zege vimevunjika kwa mzigo unaokaribiana. Mtandaoni hiyo haipati hata moyo mmoja. Msimamizi wangu aliposoma alisema, haya, anza sura ya nne.