Kabla ya Herufi: Mafunzo Sita Niliyopata Darasa la Awali

Kwa miaka tisa nilifundisha darasa la sita. Januari moja mwalimu mkuu akaniita ofisini, akaniambia kuanzia Jumatatu nitashika darasa la awali. Shule yetu iko kijijini, wilayani Magu mkoani Mwanza. Mimi nimezaliwa na kukulia Tanga. Nilikubali bila wasiwasi. Aliyefundisha sehemu na desimali atashindwaje na irabu tano? Wiki haikuisha kabla sijaona kwamba irabu zinakuja baadaye sana. Haya ndiyo niliyojifunza mpaka Aprili, na ninamwandikia mwalimu atakayekabidhiwa darasa hili mwakani.

1. Mtoto aagwe, asitorokwe

Siku ya kwanza mvulana mmoja aliletwa na bibi yake, ameing'ang'ania khanga ya bibi kwa mikono miwili. Nikamwonyesha picha ya tembo ukutani, na alipogeuka kuitazama nikampa bibi ishara aondoke. Mtoto alipogundua, alilia mpaka sauti ikakauka, kisha akaenda kuketi kizingitini. Alikaa pale siku tisa, macho njiani. Nilikuwa nimempa somo lake la kwanza la shule: ukiacha kumtazama umpendaye, anatoweka.

Siku ya kumi nilimwomba bibi radhi, tukapatana. Kila asubuhi angechuchumaa, amuage mjukuu wake mbele yangu, na amwambie atarudi lini. Mtoto wa miaka mitano hajui saa sita ni lini, kwa hiyo tulisema, "Baada ya mchezo wa mwisho." Kuaga kuwe kufupi, na ahadi itimizwe. Siku bibi alipochelewa, niliketi na mtoto chini ya mwembe mpaka alipofika, kwa sababu ahadi ile ilikuwa yangu pia.

2. Lugha ya nyumbani isiachwe mlangoni

Shule za awali za serikali hufundisha kwa Kiswahili, nami nakipenda kama tunavyokipenda sote tuliokulia Pwani. Lakini wengi wa watoto wangu walikuwa wameishi miaka yao yote mitano ndani ya Kisukuma. Asubuhi moja msichana alinijia mezani akasema, "Minzi." Nikamwambia kwa upole akakae. Akarudi na neno lilelile. Mara ya tatu alikaa chini akalia. Mwenzake, ambaye baba yake ana duka pale senta, akasema, "Mwalimu, anataka maji."

Mtoto ana kiu, mtungi uko hatua tatu, na mwalimu wake haelewi. Jioni ile nilianza daftari la maneno ya Kisukuma. Kesho yake niliwaamkia, "Mwangaluka." Darasa zima lililipuka kwa furaha. Tangu hapo kila neno jipya la Kiswahili nililiweka kando ya neno la nyumbani, nao wakawa wananirekebisha matamshi. Wa kwanza kunirekebisha walikuwa wale waliokuwa hawajawahi kufungua mdomo. Mtoto anayemfundisha mwalimu wake neno moja huona kuwa darasani kuna nafasi yake.

3. Mkono hutangulia kalamu

Siku ya pili nilikuwa nimegawa penseli. Waliishika kwa ngumi kama mchi, karatasi zikachanika, wengine wakajiona wameshindwa. Mifupa midogo ya kiganja cha mtoto wa umri ule haijakomaa, na misuli ya vidole inahitaji kazi kwanza. Basi penseli nikazirudisha kabatini. Tukakanda udongo wa mfinyanzi, tukachambua maharage na kunde, tukatunga vizibo vya soda kwenye kamba, tukachora mchangani kwa kidole.

Wazazi walinijia na malalamiko: daftari jeupe, mtoto anasoma nini? Niliwaalika wakae darasani asubuhi moja. Nikawaonyesha kwamba kidole kinachotenga kunde na maharage ndicho kitakachoandika. Katikati ya Machi penseli zilirudi, na safari hii zilikaa vidoleni.

4. Wengi hawaongozwi kwa sauti

Mwongozo wa elimu ya awali unataka mwalimu mmoja kwa watoto 25. Mimi nilikuwa na 68, na wiki ya pili sauti ilinikauka. Niligawa makundi sita, kila moja likajichagulia jina la mnyama, nikapanga kona za kujifunzia pembeni mwa chumba. Wimbo ukawa kengele yetu: tukianza kuimba, kila kundi linahamia kona inayofuata. Msongamano haukwisha, na siwezi kusema uliacha kuumiza. Ila nilipata dakika za kuchuchumaa karibu na mtoto mmoja na kumsikiliza yeye tu.

5. Uji ni sehemu ya somo

Saa nne vichwa vilikuwa vinaanguka juu ya madawati. Nilidhani ni uvivu wa mazoea, mpaka nilipouliza nani amekula asubuhi. Wachache walikuwa na vipande vya michembe, yaani viazi vitamu vilivyokaushwa, mfukoni. Wengi walikuwa wametembea mwendo mrefu bila kitu tumboni. Tangu elimu bila malipo ilipoanza Januari 2016, baadhi ya wazazi waliamini kila kitu kingetoka serikalini. Katika kikao sikumlaumu mtu. Nilieleza tu nilichokiona. Bibi wa yule mvulana wa kizingitini alisimama akaahidi debe la mahindi, na wengine wakafuata. Februari kina mama walianza kupokezana zamu jikoni. Tulipopata uji, nikapata darasa. Hata ahadi ya bibi ilibadilika: sasa alirudi "baada ya uji na mchezo mmoja."

6. Uliza anachojua, si kile asichojua

Mvulana mmoja hakuweza kuhesabu zaidi ya tatu ubaoni. Nilikuwa nimekwisha kuandika jina lake miongoni mwa wanaohitaji msaada. Nilipokwenda kwao, nilimkuta akirudisha ng'ombe zizini na kaka yake. Akasimama ghafla, akasema mmoja hayupo, na kweli hakuwepo. Kesho yake nilimwekea mawe mchangani nikayaita ng'ombe. Akayapanga, akayagawa, akajua lililoondolewa. Nililifuta jina lake kwenye ile orodha, na tangu siku hiyo siandiki upungufu wa mtoto kabla sijafika kwao.

Mwezi Aprili, baada ya likizo fupi, tulipokea msichana mgeni aliyehamia kijijini. Mama yake alimuaga vizuri, lakini alilia. Kabla sijainuka, yule mvulana wa kizingitini alimwendea, akachuchumaa mbele yake kama bibi yake alivyozoea kufanya, akamwambia maneno kwa Kisukuma. Mengi sikuyaelewa. Niliyoyapata ni mawili, uji na mama. Msichana akafuta machozi, akamfuata kwenye kona ya udongo.

Sikuwa nimemfundisha kufanya vile. Lakini nilijua kwamba sasa anaweza kuanza kusoma.