Mwenye Heri Benedict Daswa, Mkulima na Mwalimu wa Vijana

Siku ya ubatizo, kabla ya kumwagiwa maji, katekumeni huulizwa kama amkataa Shetani na kazi zake zote. Kujibu «Namkataa» mbele ya padri si jambo gumu. Kanisa limejaa, ndugu wanaimba, nguo ni nyeupe. Ugumu waja baadaye, huko kijijini, siku radi ipigapo nyumba na wazee waanzapo kukusanya fedha za mfumu. Somo hili lamhusu mtu aliyejibu neno lile akiwa kijana wa miaka 16, akalishika hadi saa ya kufa kwake.

Alizaliwa tarehe 16 Juni 1946 katika kijiji cha Mbahe, nchi ya Wavenda, kaskazini mwa Afrika ya Kusini, katika jimbo liitwalo leo Limpopo. Wazazi wake walikuwa Walemba, watu wasiokula nyama ya nguruwe kwa desturi ya mababu zao. Jina lake la utoto lilikuwa Samuel. Baba yake alipokufa kwa ajali, Samuel, aliye mzaliwa wa kwanza, aliupokea mzigo wa kuwatunza wadogo wake na kuwasaidia wapate kusoma.

Imani aliipata kwa mkatekista Benedict Risimati, aliyekuwa akiwafundisha vijana wa pale chini ya mti, kwa maana kanisa halikuwapo. Wako watu wanaodharau mafundisho ya chini ya mti. Waangalie basi matunda ya mti huo! Tarehe 21 Aprili 1963 Samuel alibatizwa, akachagua jina Benedict, kwa kumpenda mkatekista wake na kwa kumheshimu Mtakatifu Benedikto Abate. Neno la watawa wa mtakatifu huyo, kusali na kufanya kazi, akalifanya kuwa kanuni ya maisha yake.

Baada ya masomo Benedict akawa mwalimu, na mwaka 1979 akawekwa kuwa mkubwa wa shule ya msingi ya Nweli. Lakini hakulitupa jembe. Vijana wengi, wakiisha kushika kalamu, huona haya kuonekana shambani na udongo miguuni. Benedict hakuona haya. Alilima mboga, akapanda miti ya matunda, na wanafunzi wake walimwona akiinama juu ya matuta kama mkulima mwingine yeyote.

Bustani ile haikuwa ya kushibisha nyumba yake tu. Shuleni walikuwako watoto ambao wazazi wao hawakuweza kulipa ada. Benedict hakuwafukuza. Aliwapa kazi katika bustani yake ya mboga, nao wakapata ada kwa jasho lao wenyewe. Angaliweza kuwapa fedha bure, nao wangalishukuru. Lakini mtoto aliyejilipia masomo kwa jembe huenda shuleni kichwa juu, wala halisahau jembe hilo. Na mwanafunzi asipoonekana darasani siku kadha, mkubwa wa shule mwenyewe alikwenda nyumbani kwao kuuliza sababu.

Vijana aliwafuata mpaka kiwanja cha mpira. Alianzisha timu ya kijiji. Siku moja wachezaji wakataka dawa ya mganga ili wapate kushinda. Benedict akakataa. Wao wakashikilia lao, naye akaiacha timu aliyoiunda kwa mikono yake, akaanza nyingine pamoja na vijana waliokubali kucheza bila dawa. Yafaa wakatekumeni wakumbuke jambo hili. Kukataa kwake kwa mwisho, kulikomletea kifo, hakukuanza siku ile: alikuwa amekwisha kuzoea kukataa katika mambo madogo.

Mwaka 1974 alimwoa Evelina Monyai, nao wakajaliwa watoto wanane. Nyumbani mwa Daswa watu wa Mbahe waliona mambo mageni. Bwana mwenye nyumba, mwalimu anayeheshimiwa, alimsaidia mkewe kufua nguo na kutafuta kuni! Wanaume wengine walimcheka, kama wangalivyocheka katika vijiji vingi vya Kongo. Jioni aliwakusanya watoto kwa sala na Maandiko Matakatifu. Aliijenga nyumba ya matofali, akanunua motokari, na motokari hiyo ilikuwa ya kila mgonjwa wa jirani. Wengi walimpenda kwa hayo. Wengine macho yao yalianza kuuma, kwa maana mtu afanikiwaye kwa jasho lake huhesabiwa upesi kuwa ana siri.

Sasa tuje kwenye neno la radi.

Mwezi wa Januari 1990 mvua kubwa zilinyesha, na tarehe 25 radi ikaunguza nyumba kadha za Mbahe. Wazee wakakutana. Wakakata shauri kwamba radi ile imetumwa na mchawi, na kwamba kila mtu atoe randi 5 ili wamwendee mfumu awataje wenye hatia. Benedict alifika shauri limekwisha kukatwa. Aliwaeleza kwamba radi ni kitu cha maumbile. Naye alisema kweli: ndani ya mawingu ya tufani vipande vya barafu hugongana, umeme hujilimbikiza, kisha huruka mpaka chini, na mara nyingi hushukia kitu kirefu, kama mti au nyumba ya juu kilimani. Hauchagui adui wa mtu. Wazee hawakumsikia. Ndipo akasema kwamba imani yake haimruhusu kutoa fedha zile.

Randi 5 zilikuwa nini kwake? Kidogo tu. Mtu aliyewatafutia ada watoto wa wengine hawezi kuitwa mchoyo. Lakini alijua fedha zile zitanunua nini. Mfumu angetaja jina, labda la bibi kizee asiye na mtetezi, na mtu yule angefukuzwa au kuuawa. Katika nchi ile wengi walikuwa wamekwisha kuuawa hivyo. Kutoa randi 5 kungekuwa kutia mkono katika damu ya mtu asiye na kosa.

Tarehe 2 Februari, sikukuu ya Kutolewa Bwana Hekaluni, Benedict alimpeleka mtoto mgonjwa kwa mganga wa hospitali mjini Thohoyandou. Jioni, aliporudi, akamsaidia mtu mmoja mwenye mfuko wa unga, akamfikisha kijiji cha jirani. Akiwa peke yake njiani kurudi, akakuta njia imezibwa kwa miti. Aliposhuka kuiondoa, kundi likatoka gizani na kumpiga kwa mawe. Alikimbia akitoka damu, akavuka kiwanja cha mpira, akajificha katika nyumba ya mama mmoja. Wakamtishia mama yule kumwua. Basi Benedict akatoka mwenyewe. Alisali, akiitia roho yake mikononi mwa Mungu, nao wakampiga kichwani kwa rungu, kisha wakammwagia maji ya moto.

Kati ya wauaji walikuwamo vijana, wa umri ule ule aliowatumikia kwa maisha yake yote. Neno hili ni chungu, wala halifai kufichwa. Si kila mbegu iliyopandwa huota.

Alizikwa tarehe 10 Februari, na mapadri walivaa mavazi mekundu, rangi ya mashahidi. Mkewe alikuwa na mimba. Mtoto wa nane alizaliwa miezi minne baada ya baba kuuawa. Tarehe 13 Septemba 2015, huko Tshitanini, mbele ya watu maelfu, Eklezia ilimtangaza Benedict Daswa kuwa Mwenye Heri na shahidi, kama ilivyomtangaza Anuarite wa Kongo mwaka 1985. Sikukuu yake ni tarehe 1 Februari.

Katika mafundisho ya juma hili mkatekista awaulize wasomi wake: Kwa nini Benedict hakutoa zile randi 5 kimyakimya, apate kuishi na kuwalea watoto wake? Kazi ya bustani iliwafundisha nini watoto wa Nweli, isiyofundishwa na ubao? Na kama kesho wazee wa kijiji chenu wakikusanya franka za mfumu, ni nani kati yenu atakayesema hapana, na ninyi wenzake mtasimama upande gani?