Sauti Haizuiwi na Ua: Jinsi Inavyotokea, Inavyosafiri na Kwa Nini Usiku Husikika Mbali

Malalamiko mengi kuhusu kelele hufanana. Mwenye ukumbi husema amefunga milango na madirisha. Jirani aliye ng'ambo ya bonde husema hakupata usingizi hadi alfajiri. Mara nyingi wote wawili wanasema kweli, na jambo linaloweza kuwapatanisha ni kuelewa jinsi sauti inavyofanya kazi.

Sauti hutokana na mtetemo

Kila sauti huanzia kwenye kitu kinachotetemeka. Ngoma ya kilumi inapopigwa, ngozi yake huingia ndani na kutoka nje mara nyingi kwa sekunde moja. Inapotoka, hubana hewa iliyo karibu nayo. Inaporudi, hewa hiyo hulegea. Hewa iliyobanwa husukuma ile inayofuata, nayo husukuma nyingine. Ni kama watu waliosimama kwenye foleni: wa nyuma akisukumwa, msukumo hufika mbele ingawa kila mtu amebaki mahali pake. Msukumo huo unaopokezanwa ndio wimbi la sauti. Ukifika sikioni hutikisa kiwambo cha sikio, kisha vifupa vitatu vidogo, na hatimaye chembe laini za sikio la ndani zinazopeleka habari kwenye ubongo.

Walimu na wazazi wanaweza kuwaonyesha watoto jambo hili kwa urahisi. Puto lililokatwa huvutwa na kufungwa juu ya mdomo wa kopo tupu, kisha punje chache za chumvi huwekwa juu yake. Sufuria ikigongwa karibu na kopo hilo bila kuligusa, chumvi hurukaruka. Kilichoitikisa ni hewa.

Kasi ya sauti

Hewa ikiwa na joto la nyuzi 20 za selisiasi, sauti husafiri takriban mita 343 kwa sekunde. Katika maji huenda karibu mita 1,500 kwa sekunde, na katika chuma karibu mita 5,000. Mahali pasipo na hewa wala kitu kingine cha kupokezana msukumo, sauti haipiti kabisa.

Kasi hii ina manufaa wakati wa mvua za Oktoba hadi Desemba. Mwanga wa radi huonekana papo hapo, lakini ngurumo huchukua takriban sekunde 3 kwa kila kilomita. Anayehesabu sekunde 9 kati ya mwanga na ngurumo anajua radi imepiga umbali wa kilomita 3. Hesabu ikiwa sekunde 30 au pungufu, radi iko ndani ya kilomita 10 na ni wakati wa kuingia nyumbani, mbali na miti na uwanja wa wazi.

Sauti ikigonga kitu kigumu hurudi, na huo ndio mwangwi. Mtu anayepaza sauti kuelekea mwamba ulio mita 343 kutoka kwake husikia mwangwi baada ya sekunde 2: moja ya kwenda na moja ya kurudi.

Umbali hupunguza sauti, lakini polepole

Ukubwa wa sauti hupimwa kwa desibeli. Mazungumzo ya kawaida ni karibu desibeli 60. Kipimo hiki hakihesabiwi kama kilo au mita: kila desibeli 10 zinazoongezeka humaanisha nguvu ya sauti imezidishwa mara 10.

Mahali pa wazi, kila umbali unapoongezeka maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli 6. Chukua mfano wa spika inayotoa desibeli 90 mtu akiwa mita 10 kutoka kwake. Kwa mita 20 ni 84. Kwa mita 40 ni 78. Kwa mita 80 ni 72. Kwa mita 160 ni 66. Kwa mita 320 ni 60. Kwa mita 640, zaidi ya nusu kilomita, bado ni takriban desibeli 54. Miti, majengo na udongo huipunguza zaidi, lakini ua wa michongoma au wa mabati peke yake hauwezi kuimaliza.

Kwa nini mdundo hupenya ukuta

Sauti nyembamba hutetemeka mara nyingi kwa sekunde, na nzito mara chache. Idadi hiyo huitwa masafa na hupimwa kwa hezi. Sikio lenye afya husikia kuanzia hezi 20 hadi 20,000 hivi. Wimbi la filimbi yenye hezi 3,430 lina urefu wa sentimita 10 tu, na huzuiwa kwa urahisi. Wimbi la besi yenye hezi 50 lina urefu wa karibu mita 7, zaidi ya upana wa vyumba vingi. Huzunguka pembe za nyumba, hutikisa mabati na vioo, na kupita kwenye kuta nyepesi. Ndiyo sababu jirani husikia mdundo bila kusikia maneno ya wimbo.

Wengi hubandika trei za mayai au sponji ukutani wakidhani zinazuia kelele. Vitu hivyo hupunguza mwangwi ndani ya chumba, lakini haviizuii besi kutoka nje. Kinachosaidia ni ukuta mzito wa mawe au matofali, kuziba nyufa na mianya ya paa, kugeuza spika zisielekee makazi, na hasa kupunguza besi na sauti yenyewe.

Usiku sauti hujipinda kuelekea chini

Mchana ardhi huwa na joto, na hewa iliyo karibu nayo huwa na joto kuliko ya juu. Kwa kuwa sauti huenda haraka zaidi katika hewa yenye joto, wimbi hujipinda kuelekea angani na sehemu kubwa yake hupotelea huko. Usiku mtulivu usio na mawingu, ardhi hupoa, na hewa baridi hutuama chini na mabondeni. Sasa hewa yenye joto iko juu, na sauti hupindwa irudi chini. Katika mji kama Machakos, uliozungukwa na vilima, ukumbi ambao mchana hausikiki ng'ambo ya bonde unaweza kusikika waziwazi saa sita usiku, ingawa hakuna aliyeongeza sauti.

Sheria inasemaje

Kanuni za kitaifa za kudhibiti kelele za mwaka 2009, zilizotolewa chini ya Sheria ya Usimamizi na Uratibu wa Mazingira ya 1999, zimeweka viwango vya juu vifuatavyo:

- Maeneo ya ukimya na ya ibada: desibeli 40 mchana, 35 usiku.
- Makazi, nje ya nyumba: desibeli 50 mchana, 35 usiku.
- Makazi yaliyochanganyika na biashara na burudani: desibeli 55 mchana, 35 usiku.
- Maeneo ya biashara: desibeli 60 mchana, 35 usiku.

Usiku huanza saa 2:01 na kuisha saa 12:00 asubuhi. Kiwango cha usiku ni kimoja katika maeneo hayo yote. Zile desibeli 54 za mfano wetu, kwa umbali wa mita 640, zina nguvu karibu mara 80 ya kiwango hicho.

Kazini, kanuni za mwaka 2005 haziruhusu mfanyakazi kukaa kwenye kelele ya wastani inayozidi desibeli 90 kwa saa 8. Hili linawahusu wa machimbo ya mawe, viwanda vya Mavoko na mafundi wa jua kali. Chembe za sikio la ndani zikifa hazioti tena, kwa hiyo vizibo vya masikio ni kifaa cha kazi kama vile glavu.

Hatua kwa wakazi

Katiba, katika Jedwali la Nne, imezipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele. Mkazi anayesumbuliwa aanze kwa kuzungumza na mwenye ukumbi, kanisa au karakana. Isipofaa, aandike tarehe, saa kelele ilipoanza na ilipoisha, na mahali aliposikia, kisha apeleke taarifa kwa msimamizi wa wadi, ofisi ya mazingira ya kaunti au NEMA. Programu za simu za kupima desibeli hutoa makadirio tu. Kipimo cha kutegemewa huchukuliwa na maafisa wenye mitambo maalumu.

Wenye kumbi na viongozi wa makanisa nao wanaweza kujipima wenyewe: mtu mmoja asimame karibu na nyumba ya jirani, usiku, muziki ukiendelea. Akisikia mdundo waziwazi, jirani naye anausikia akiwa kitandani.