Laini Mbili Si Jibu la Mwisho

Wadogo zangu, dada mmoja wa Kitale ameniandikia ujumbe ulioninyima usingizi. Alipima virusi vya UKIMWI kwenye kliniki moja mjini, akaambiwa anavyo. Baada ya wiki akapanda matatu hadi Bungoma, asikojulikana na mtu, akapima tena. Huko wakamwambia hana. "Dada, nimwamini nani?"

Bado usimwamini yeyote, mpenzi. Kwanza nikuulize: siku ile ya Kitale ulipimwa kwa vifaa vingapi? Kama ulidungwa kidole, kikatumika kifaa kimoja, ukaambiwa unavyo na kuachwa uende, basi kazi iliachwa nusu.

Kipimo cha haraka hutafuta kingamwili, wale askari ambao mwili huwatengeneza kupigana na kirusi. Mara chache hukosea. Chukua watu 1,000, wenye virusi wawe 30. Kifaa kikikosea kwa mtu 1 tu katika kila 100 wasio navyo, karibu watu 10 wataona laini mbili, alama ya kuwa na virusi, bure. Kumi, kando ya wale 30! Ndiyo maana mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilishauri vipimo vitatu tofauti vikubaliane kabla mtu hajaambiwa ana virusi, na Kenya imefuata mkondo huo. Kabla ya kuanza dawa, unapimwa upya.

Jibu la Bungoma nalo lisikulevye. Kama ulijiweka hatarini majuzi, kingamwili huenda hazijaonekana. Rudia baada ya miezi mitatu, na kwa sasa tumia kondomu.

Jamani, sisemi vipimo ni uongo. Wapo wanaoyashika makosa haya machache kuwaachisha watu dawa, na hilo linaniuma sana. Ukiwa unameza ARV, kifaa cha kujipimia kwa mate kinaweza kuonyesha laini moja tu na virusi vimo mwilini. Usiache dawa kwa sababu ya laini hiyo, hata kama umeombewa usiku kucha.

Dada yangu wa Kitale, nenda hospitali ya umma. Wape majibu yote mawili, usifiche lolote kwa kuona haya. Sheria ya UKIMWI ya 2006 inalinda siri yako. Uliza wazi: "Mmetumia vipimo vingapi?" Nenda kesho asubuhi, pamoja na mtu unayemwamini.