Karatasi Zilivyoingia Kebini: Mafunzo ya Barabara ya Tunduma

Niliingia kwenye malori kama tingo, enzi ambazo dereva alipimwa kwa namna anavyoshuka mteremko wa Kitonga na mzigo kamili bila breki kunuka. Karatasi zilikuwepo, ila zilikaa kwenye mfuko wa nailoni nyuma ya kiti na kutolewa pale tu trafiki alipoinua mkono. Leo kazi hiyohiyo ya kutoka bandari ya Dar es Salaam, kupita Morogoro, Iringa, Makambako na Mbeya hadi Tunduma, kisha Zambia na Kongo, imezungukwa na mizani, lakiri za kielektroniki, vyeti na simu za ofisini. Wenzangu wengi wanazilaani taratibu zote kwa pamoja. Mimi siwezi. Nimeona zilizookoa watu, na nimeona zilizomfanya dereva kuwa wa kubebeshwa lawama ambazo si zake. Kila kanuni mpya ikija najiuliza: hii inampa dereva nguvu ya kukataa, au inamwongezea tu mahali pa kuweka sahihi?

1. Safari huanzia kwenye faili

Hesabu makaratasi ya gari moja la kwenda Kongo: leseni ya dereva, kadi za usajili za kichwa na tela, leseni ya usafirishaji ya LATRA, bima ya hapa nyumbani, kadi ya njano ya COMESA kwa ajili ya bima nje ya nchi, kadi nyingine ya njano ya chanjo ya homa ya manjano, pasipoti, hati ya forodha tunayoiita T1, ankara, orodha ya mzigo. Nchi yetu ilijitoa COMESA mwaka 2000, lakini kwenye mpango huu wa bima ilibaki, na ndiyo kadi tunayovukia mpaka wa Nakonde, upande wa Zambia.

Wingi wa karatasi hauniumizi kichwa. Kinachosimamisha gari ni karatasi mbili zisizopatana. Namba ya kontena ina herufi nne na tarakimu saba, na ile ya saba huandikwa peke yake ndani ya kiboksi. Hukokotolewa kutokana na herufi na tarakimu zilizotangulia, kusudi mtu akikosea kuandika, kosa lijulikane. Kabla sijatoka yadi, tingo husimama nyuma ya tela akisoma kwa sauti, herufi kwa herufi, nami nikifuatisha kwa kidole kwenye T1. Kisha tunabadilishana: mimi nasoma, yeye anafuatisha. Baada ya hapo lakiri, kwa mtindo uleule. Namba moja ikipishana, Tunduma utalala, wakala atasema anasubiri marekebisho kutoka Dar, na posho yako itaishia kwenye chakula cha foleni.

Kazi hii ya dakika chache kabla ya kuondoka ni haki ambayo dereva hapaswi kumwachia mtu yeyote, hata karani akimwambia kwamba mambo yote yako sawa kwenye mfumo.

2. Mizani ilitupa ulimi

Hapa nitakaa kidogo, kwa sababu sioni kanuni iliyobadilisha kazi yetu zaidi kuliko hii ya mizani.

Machi 2019 Tanzania ilianza kutumia sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya kudhibiti uzito wa magari. Uzito wa juu kabisa wa gari na mzigo wake ni tani 56, lakini kiwango hicho si cha kila lori. Kila ekseli ina haki yake. Ekseli ya usukani hubeba tani 8, kundi la ekseli mbili zenye matairi pacha tani 18, na kundi la ekseli tatu tani 24. Kwa hiyo kichwa cha ekseli tatu kikivuta tela la ekseli tatu, jumla ni 50. Anayetaka kufika 56 aongeze ekseli ya saba.

Zamani tajiri aliweza kusema, "Weka tu, utapita." Ukikataa, gari lilipata dereva mwingine kabla ya jua kuzama. Matairi yakapasuka Mikumi, breki zikashindwa kwenye miteremko ya Mbeya, na lami yenyewe ikatengeneza mifereji ambayo ukiingiza tairi, usukani unakuongoza wewe. Mizani za Vigwaza na nyinginezo zilipoanza kupima kila gari kwa ukali, dereva kwa mara ya kwanza akapata cha kumjibu tajiri: "Mizani haitanipitisha." Sentensi hiyo imezuia ajali nyingi, nami naiheshimu sheria iliyotupa.

Tatizo limebaki kwenye kontena. Linatoka bandarini limefungwa kwa lakiri. Tangu Julai 2016 kanuni ya kimataifa inataka uzito wa kila kontena uthibitishwe kabla halijapakiwa melini, kwa hiyo jumla yake inajulikana. Kisichojulikana ni mzigo umekaaje ndani. Aliyepakia huko ulikotoka akilundika vitu vizito upande wa mlangoni, jumla itakuwa halali na ekseli za nyuma zitazidi. Mizani itasoma kosa. Forodha inakataza kukata lakiri. Dereva anasimama katikati ya sheria mbili, kila moja ya haki kwa upande wake, na yeye ndiye pekee aliyepo pale kwenye jua.

Kisheria mzigo wa kulipa ni wa msafirishaji. Kiuhalisia nimeona ofisi zikikata fedha hizo kwenye posho ya dereva, kidogo kidogo, kwa kosa la mtu aliyepakia ng'ambo ya bahari. Kwa maoni yangu, karatasi ya mizani ingepaswa kuwa na mstari wa jina la mpakiaji, na faini imfuate huyo.

Kwa mzigo usiofungwa dereva ana la kufanya. Mbolea ya magunia isipofungwa vizuri husogea mbele gari linaposhuka, na uzani uliosoma asubuhi hautakuwa wa jioni. Mafuta nayo ni mzigo: lita elfu moja za dizeli zina zaidi ya kilo 800, na matangi yamekaa kwenye kichwa. Ndiyo maana dereva mzoefu hajazi matangi kabla ya mizani gari likiwa limekaribia kikomo. Hilo halifundishwi kwenye karatasi yoyote.

3. Kifaa kinaona mwendo, hakioni usingizi

Magari ya zaidi ya kilo 3,500 hayaruhusiwi kuzidi kilomita 80 kwa saa. Kati ya tochi za trafiki na vifaa vya kufuatilia gari, mwendo umeshuka kweli. Nashukuru. Lori la tani 50 kwenye 100 halina breki, lina matumaini.

Lakini ofisini kuna mtu anayeangalia kialama kwenye kioo cha kompyuta. Kialama kikisimama, simu inalia: "Mbona umesimama?" Umesimama kwa sababu macho yanafumba. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema saa za kawaida za kazi ni 9 kwa siku, na hata ukijumlisha za ziada zisizidi 12. Dereva wa masafa anayelipwa kwa safari hazihesabu saa hizo, anahesabu tripu, kwa kuwa tripu ndiyo inayolipa karo ya watoto. Kwa hiyo kifaa kilicholetwa kwa jina la usalama kinatumika kumnyima mtu usingizi, na siku akigonga, ripoti ya kifaa hichohicho itaonyesha kwamba mwendo ulikuwa halali.

Kupumzika nako kunahitaji mahali. Ukiegesha popote pale usiku, utaamka matangi yamenyonywa na turubai limechanwa, na upotevu ni wako. Anayetaka dereva alale aanze na maegesho yenye taa, mlinzi, choo na maji. Nimefika kwenye maegesho ya namna hiyo upande wa Zambia na hata upande wetu, na sijaona dereva anayeyapita bila kusimama.

4. Namba iliyo ubavuni mwa tangi inasema dereva akizimia

Tarehe 10 Agosti 2019, eneo la Msamvu mjini Morogoro, lori la petroli lilipinduka. Watu wakakimbilia kuchota, moto ukalipuka, na zaidi ya 100 wakapoteza maisha. Miaka kumi kabla, Januari 2009, maafa ya namna hiyohiyo yalitokea Sachangwan, Kenya, na waliokufa huko pia walizidi 100. Barabara ya Morogoro ni yetu sote. Kila dereva ninayemfahamu amewahi kusimama pale.

Baada ya Msamvu niliyasoma upya mambo niliyokuwa nikiyaona kila siku. Bamba la rangi ya chungwa lenye 1203 maana yake petroli. 1202 ni dizeli. Tofauti ya tarakimu moja, lakini petroli hutoa mvuke unaowaka hata kwenye baridi, na mvuke huo ni mzito kuliko hewa, hutambaa chini hadi ukutane na cheche ya pikipiki au jiko la mama lishe. Gari likianguka, kazi ya kwanza ni kuwafukuza watu. Mzigo, simu ya tajiri, hata jeraha lako dogo, vyote vinasubiri.

Hapa sina lalamiko lolote kuhusu karatasi. Mafunzo ya mizigo hatarishi, mitungi ya kuzimia moto inayokaguliwa, pembetatu za kuakisi mwanga badala ya matawi ya miti tuliyokuwa tukitupa barabarani na kuyaacha hapohapo baada ya kutengeneza gari: haya yote yaongezwe.

5. Kirusi kilituonyesha tunavyotazamwa

Mei 2020 Zambia ilifunga mpaka wa Nakonde kwa siku kadhaa baada ya wagonjwa wa korona kuongezeka. Huko Malaba na Namanga wenzetu walipanga foleni za kilomita nyingi wakisubiri vipimo. Tuliokuwa tukipeleka chakula na dawa tulitajwa kama wabeba ugonjwa, na vijiji vilivyozoea kutuuzia ugali vikatufungia milango. Cheti cha kipimo kilikuwa cha lazima, sikipingi. Ila hakuna aliyeweka maji ya kunawa pale tuliposimamishwa.

6. Lugha ya makaratasi si lugha ya barabara

Kutoka Dar hadi Tunduma, na tena kutoka Kasumbalesa hadi Lubumbashi, ninazungumza Kiswahili. Wakongo wa Kasumbalesa tunaelewana vizuri, lafudhi tu ndiyo tofauti. Lakini T1 ni ya Kiingereza, na ukivuka Kasumbalesa fomu ni za Kifaransa. Nimewaona madereva wa miaka mingi, watu ambao wangeweza kukwambia gia inayofaa kila kona ya Kitonga wakiwa wamefumba macho, wakiweka sahihi kwenye fomu wasizozielewa kwa sababu wakala amesema "hapa, na hapa". Baadhi yao waliacha kazi. Hawakushindwa na gari.

Agosti 2019 SADC ilikipitisha Kiswahili kuwa lugha yake rasmi ya nne. Oktoba mwaka huohuo, Rais Magufuli na Rais Lungu wa Zambia walizindua kituo cha pamoja cha Tunduma na Nakonde, ambapo taratibu za kutoka nchi moja na kuingia nyingine hufanyika chini ya paa moja. Jambo jema, na foleni nimeiona ikisogea haraka siku ambayo mfumo haujagoma. Linalobaki ni fomu zenyewe kuandikwa kwa lugha ya mtu anayezisaini.

7. Karatasi moja tuliyoidai wenyewe

Tarehe 10 Aprili 2015 madereva waligoma na usafiri wa nchi ukasimama. Watu wengi wanakumbuka kwamba tulikuwa tukipinga agizo la kurudi darasani kila leseni inapohuishwa, tena kwa gharama ya dereva. Kusoma si kubaya. Chuo cha Taifa cha Usafirishaji na VETA vinafundisha vitu ambavyo utingo haukunifundisha. Lakini kwenye madai yale kulikuwa na jambo lingine ambalo kwangu lilikuwa kubwa zaidi: mikataba ya kazi.

Katika karatasi zote nilizozitaja, karibu kila moja inamlinda mtu mwingine: serikali na ushuru wake, mwenye mzigo, barabara, bima. Mkataba ndio unaomlinda dereva. Bila mkataba, haki ya kukataa gari lenye matairi yaliyokwisha ni ya kinywani tu, kwa sababu anayekataa hana hata uthibitisho kwamba alikuwa kazini. Sheria ya 2004 inamtaka mwajiri ampe mfanyakazi maelezo ya ajira yake kwa maandishi, lakini bado nakutana na vijana wanaokabidhiwa gari la mamilioni kwa maneno na namba ya simu.

Vijana wakiniuliza waangalie nini kabla ya kusaini, huwataka watafute manne. Nani analipa uzito ukizidi kwenye kontena lililofungwa kwa lakiri. Nani analipa siku za kukaa mpakani. Matibabu ukiumia Zambia au Kongo yanalipwa na nani. Na kama ukilisimamisha gari kwa ubovu, mshahara unaendelea au unakatika. Kisha wachukue nakala yao waiache nyumbani. Gari likikamatwa au likiungua, kila kilichomo kebini kinakwenda nalo.