HATI YA TALAKA: IKO WAPI, NA TUNAIOMBAJE?

Somo la familia

Maandiko ya kusoma: Kumbukumbu la Torati 24:1–4, Ezra 2:61–63, Ezra 6:1–5, Yeremia 32:9–15

Somo la leo linahusu jambo ambalo wengi wetu tunaona aibu kulitaja kanisani, nalo ni karatasi ya talaka. Hatufundishi watu kuachana. Nabii Malaki anaonyesha jinsi Mungu anavyoichukia talaka (Malaki 2:16), na Bwana Yesu alisema kwamba Musa aliiruhusu kwa sababu ya ugumu wa mioyo ya watu (Mathayo 19:8). Lakini kati yetu wako wapendwa ambao ndoa zao zilikwisha kuvunjwa mahakamani kule nyumbani, kabla ya kukimbia. Leo wanaulizwa ushahidi, na mikono yao ni mitupu.

Tuchukue mfano. Mama mmoja aliolewa Mahagi, akaachana na mumewe mbele ya hakimu Bunia mwaka 2011, akapewa kulea watoto wawili. Vita ikaja, nyumba ikaungua, karatasi zikaisha. Sasa yuko hapa Uganda na ndugu mmoja mwaminifu anataka kumuoa. Mchungaji anamuuliza, ofisi inamuuliza, hata mama mkwe mtarajiwa anamuuliza. Yeye anajua kweli yake, lakini ataionyeshaje?

KWA NINI KARATASI HII INATUHUSU

Kwanza, kwa ajili ya ndoa. Hapa Uganda, kama kule Kongo, mwenye ndoa ya mke mmoja iliyo hai mbele ya sheria hawezi kufunga nyingine. Ni kosa la jinai. Ndiyo sababu kanisa linatangaza ndoa mapema, ili mwenye kujua kizuizi aseme.

Pili, kwa ajili ya watoto. Mara nyingi hukumu ya talaka inasema nani apewe watoto. Mzazi anayesafiri na mtoto bila mzazi mwenzake huulizwa swali hilo.

Tatu, kwa ajili ya yule aliyebaki nyuma. Wako wanaume waliojiandikisha "sina mke", kumbe mke yuko hai na watoto katika makazi mengine. Tukidai hati, tunamlinda mama ambaye hayupo kujitetea.

Wengine watasema: Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi Januari 2025, basi karatasi za nini? Tunajibu kwamba hati hii si ya kupandia ndege. Ni ya amani nyumbani, iwe tutabaki hapa, tutarudi kwetu, au tutakwenda mbali.

NENO LA MUNGU LINATUONYESHA NINI

Katika Kumbukumbu la Torati 24, mtu aliyemwacha mkewe aliamriwa kuandika hati na kumpa mkononi mwake. Angalieni: hati ilikaa kwa mwanamke. Bila hiyo, mtu yeyote angeweza kumwita mke wa fulani au mzinzi.

Katika Yeremia 32, nabii ananunua shamba wakati mji umezingirwa na vita. Anaandika hati mbele ya mashahidi, nakala moja imetiwa muhuri na nyingine iko wazi, kisha zote zinawekwa katika chombo cha udongo zidumu siku nyingi. Vita haikumfanya adharau karatasi.

Katika Ezra 6, Mfalme Dario aliagiza wakatafute amri ya Koreshi katika nyumba ya vitabu kule Babeli. Lakini ilipatikana Akmetha, katika wilaya ya Umedi. Basi tusikate tamaa kwa sababu ofisi ya kwanza haina kitu.

KWANZA TUJUE NI NINI KILITOKEA

Kabla ya kuomba karatasi, kila mmoja ajiulize kwa kweli: je, kulikuwa na talaka? Sheria ya Familia ya Kongo ni ya tarehe 1 Agosti 1987, ikarekebishwa tarehe 15 Julai 2016. Kwa sheria hiyo talaka ni ile iliyotamkwa na hakimu. Kumfukuza mke nyumbani kumekatazwa wala si talaka. Wazee kukutana na mahari kurudishwa hakutoshi mbele ya sheria. Barua ya kanisa haitoshi. Kutengana miaka kumi kwa sababu ya vita hakutoshi.

Na yule ambaye mwenzake alipotea na hajulikani kama yuko hai? Huyo naye asitafute hati ya talaka ambayo haipo. Sheria ile ya Kongo ina njia nyingine: mahakama kutoa hukumu inayotangaza kwamba aliyepotea amekufa. Kabla ya hapo, kuna kazi ya kumtafuta kupitia Msalaba Mwekundu, ambao hutafuta ndugu waliopotezana vitani bila malipo.

Ikiwa hapakuwa na hukumu, tusitafute karatasi. Tutafute mwanasheria wa msaada wa bure atuonyeshe njia ya kwenda mahakamani. Hapa Uganda, Refugee Law Project ya Chuo Kikuu cha Makerere imekuwa ikiwasaidia wakimbizi kisheria tangu mwaka 1999.

KARATASI INAKAA WAPI

Kwa waliotoka Kongo kuna mahali pawili pa kutafuta.

Mahali pa kwanza ni mahakama iliyohukumu. Kesi za talaka ni kazi ya tribunal de paix. Pale ambapo mahakama hiyo ilikuwa bado haijawekwa, kesi nyingine zilihukumiwa na mabaraza ya kimila ya chefferie au ya secteur, au na tribunal de grande instance. Ndani ya mahakama, anayetunza mafaili ni karani tunayemwita greffier, na ofisi yake ni greffe. Huyo ndiye wa kuombwa nakala ya hukumu.

Mahali pa pili ni ofisi ya état civil pale ndoa ilipoandikwa. Talaka ikishakamilika, huandikwa pembeni ya cheti cha ndoa katika rejista. Basi mama wa mfano wetu ana milango miwili: hukumu iko Bunia, lakini ndoa iliandikwa Mahagi. Mlango mmoja ukifungwa, agonge mwingine. Kama hakumbuki tarehe ya ndoa, aulize kanisa lililombariki. Mara nyingi daftari la kanisa linaonyesha mwaka na mashahidi.

Tukumbuke pia kwamba majina ya sehemu yamebadilika. Mwaka 2011 Bunia ilikuwa katika Province Orientale, ambayo makao yake makuu yalikuwa Kisangani. Mwaka 2015 jimbo hilo liligawanywa, na Bunia ikawa makao makuu ya Ituri. Vivyo hivyo Katanga iligawanywa, na Kalemie sasa iko katika jimbo la Tanganyika. Katika barua, tuandike jina la zamani na jina la sasa.

Kwa waliotoka Burundi, talaka huhukumiwa na tribunal de résidence, na ndoa huandikwa komini. Sheria ya mwaka 2023 ilipunguza mikoa kutoka 18 hadi 5, na komini kutoka 119 hadi 42, na mpango huo ulianza kutumika mwaka 2025. Komini iliyokuozesha huenda imeunganishwa na nyingine. Uliza kwanza rejista za komini yako zilipelekwa wapi.

Ikiwa talaka ilitolewa hapa Uganda, nakala iko kwenye mahakama iliyoitoa. Tuangalie jambo moja: sheria ya talaka ya hapa ina amri ya kwanza, ambayo bado haimalizi ndoa, kisha amri ya mwisho, ambayo haitolewi kabla ya miezi sita. Mwenye amri ya kwanza tu bado ni mume au mke wa mtu.

JINSI YA KUOMBA

1. Anza na usalama. Aliyekimbia serikali yake asiende ubalozini wala asiandikie ofisi za nyumbani kabla ya kuzungumza na watu wa ulinzi wa UNHCR au mwanasheria. Wala tusimtume ndugu kupita njia yenye risasi kwa ajili ya karatasi. Miji ya Goma na Bukavu ilichukuliwa na M23 Januari na Februari 2025. Mwenye faili huko aombe ushauri kwanza.

2. Kusanya unayokumbuka. Majina kamili ya wote wawili kama yalivyoandikwa wakati ule, majina ya wazazi, mahali na tarehe ya ndoa, jina la mahakama, mwaka wa hukumu, na nambari ya kesi. Kule Kongo nambari ya kesi za kiraia huanza na herufi RC. Kama huna nambari, mwezi na mwaka vitamsaidia greffier kufungua daftari sahihi.

3. Andika barua fupi. Kwa Kongo na Burundi iandikwe Kifaransa. Walimu wetu wanaweza kusaidia. Sema wewe ni nani, unaomba nini, na kwa nini. Si lazima kueleza ugomvi wa ndoa wala sababu ya kukimbia, wala kutaja makazi unapoishi.

4. Omba karatasi mbili, si moja. Ya kwanza ni nakala ya hukumu yenye muhuri na sahihi. Ya pili ni cheti kwamba hakuna aliyekata rufaa. Bila hiyo ya pili, mtu anaweza kusema kesi bado inaendelea.

5. Mpe mtu mamlaka. Kwa kuwa huwezi kwenda mwenyewe, andika barua ya kumruhusu ndugu au wakili kuchukua nakala kwa jina lako, ukaweka sahihi mbele ya mwanasheria.

6. Lipa kwa risiti. Mahakama hutoza ada ya nakala. Asiyetaka kutoa risiti hatoi karatasi ya kweli.

7. Ikifika, fuata mfano wa Yeremia. Toa nakala mbili, piga picha kwa simu, na weka ile yenye muhuri mahali pasipoingia maji. Kisha peleka nakala ofisini ili karatasi yako ya familia irekebishwe.

IKIWA HAIPATIKANI

Mahakama nyingine zimeporwa na nyingine zimechomwa. Hapo omba barua ya greffier inayosema kwamba faili limetafutwa na halikuonekana. Barua hiyo si hati ya talaka, lakini inaonyesha kwamba ulitafuta. Ongeza hati ya kiapo, na maelezo ya mashahidi wawili au watatu waliokuwepo.

Mkataba wa Wakimbizi wa mwaka 1951, ambao Uganda iliukubali mwaka 1976, unatusaidia hapa. Kifungu cha 25 kinasema kwamba mkimbizi asiyeweza kuomba msaada wa serikali ya nchi yake apewe msaada huo na nchi inayomhifadhi au na shirika la kimataifa, na karatasi atakazopewa zihesabiwe kuwa za kweli mpaka mtu athibitishe vinginevyo. Kifungu cha 12 kinasema haki alizozipata zamani, hasa zile za ndoa, ziheshimiwe. Tukitaja vifungu hivi kwa upole ofisini, hatuombi hisani; tunaomba haki iliyoandikwa.

TUJIHADHARI NA KARATASI ZA UONGO

Wako watu wanaouza hati ya talaka kwa siku moja, na mihuri wanayo. Wapendwa, muhuri wa uongo ni ushahidi wa uongo. Ofisi huandika kwa greffier na kuuliza, na nambari isipoonekana katika daftari, faili la nyumba nzima linaingia mashakani, hata watoto wasio na kosa. Tena, kazi za UNHCR hazilipiwi. Anayekudai pesa ili "apeleke" hati yako anakuibia. Ni afadhali kusema "karatasi yangu iliungua" kuliko kuonyesha karatasi ambayo hakimu hakuiandika.

WAJIBU WETU KAMA KANISA

Waliporudi kutoka uhamishoni, baadhi ya makuhani walitafuta maandiko ya ukoo wao wasiyaone (Ezra 2:62). Hawakufukuzwa katika kusanyiko, wala hawakupewa utumishi kwa maneno matupu. Waliambiwa wangoje. Sisi nasi tufanye hivyo. Mwenye kutafuta hati yake tusimnyime ushirika, tusimfanye hadithi ya kisimani. Lakini ndoa mpya ingoje mpaka kweli ijulikane. Kungoja miezi ni kuchungu, lakini kugundua mke wa kwanza akiwa mlangoni siku ya arusi ni kuchungu zaidi, kwake na kwa bibi arusi.

Maswali ya kujadili katika vikundi vya nyumbani

1. Kwa nini Musa aliagiza hati ipewe mwanamke mkononi?
2. Kuna tofauti gani kati ya kutengana, kurudisha mahari, na talaka ya mahakama?
3. Katika kikundi chetu, nani anajua Kifaransa na anaweza kuwasaidia wengine kuandika barua bila kutoa siri zao?
4. Tunawezaje kumsaidia anayengoja hati ili asione kwamba ametengwa?

Bwana awape subira katika kutafuta, na kweli katika kusema. Neema na iwe pamoja nanyi nyote. Amina.