Taa ya Kidoleni na Ngozi Yetu

Umeme ukikatika jioni, jaribu jambo hili pamoja na watoto. Washa tochi, kisha uifunike kwa ncha za vidole. Vidole vitang'aa vyekundu. Lakini tochi hutoa mwanga mweupe, wenye rangi zote ndani yake. Hizo nyingine zimekwenda wapi? Buluu na kijani humezwa mapema na ngozi na damu, bali nyekundu hupenya hadi upande wa pili.

Tabia hiyo ndiyo inayotumiwa na kile kibanio ambacho muuguzi humvisha mgonjwa kidoleni. Njia yake iligunduliwa na mhandisi Mjapani, Takuo Aoyagi, aliyeitangaza mwaka 1974. Ndani mna taa mbili ndogo: moja nyekundu, na nyingine ya mwanga usioonekana kwa macho, uitwao infraredi. Damu iliyopungukiwa oksijeni humeza mwanga mwekundu mwingi kuliko damu yenye oksijeni ya kutosha. Kwa kulinganisha mianga hiyo miwili, mashine hukadiria asilimia ya oksijeni bila sindano. Mtoto mwenye nimonia akipungua chini ya 90, anahitaji oksijeni haraka.

Siku hizi watafiti wanatengeneza taa laini kama plasta, za kubandika mwilini, zitokanazo na kemikali za kaboni. Huitwa taa za oganiki. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, walionyesha kipimo cha oksijeni chenye taa hizo, nyekundu na ya kijani. Hiyo ya kijani, kama tochi yetu ilivyoonyesha, hupenya kwa shida zaidi.

Sasa tuje kwenye ngozi yetu. Weusi wake hutokana na melanini, ambayo hutukinga na jua kali. Lakini melanini nayo humeza mwanga, tena mwekundu zaidi ya infraredi, na hapo hesabu ya mashine inaweza kupotoka. Mwaka 2020 madaktari wa Marekani walilinganisha kibanio na kipimo cha damu yenyewe. Kati ya vipimo ambavyo kibanio kilisoma 92 hadi 96, damu ilikuwa chini ya 88 katika karibu 12 kwa kila 100 vya wagonjwa weusi. Kwa weupe vilikuwa karibu 4. Yaani mashine ilisema "hajambo" wakati mgonjwa ana hali mbaya. Si kosa la ngozi, ni la waliokipima chombo zaidi kwa ngozi nyeupe.

Kwetu Uyole au Mafinga baridi ya Juni na Julai huongeza tatizo: mkono ukipoa, damu hupungua vidoleni na namba huyumba. Basi mpashe mtoto joto mikono kwanza. Mama mwenye rangi ya kucha au hina, aseme, ili kidole kingine kitumike.

Namba ikiwa nzuri lakini mtoto anahema mbio, mweleze muuguzi bila kuona haya. Mfunue kifua akiwa ametulia, uhesabu pumzi kwa dakika nzima. Chini ya miezi 2, pumzi 60 au zaidi ni hatari. Miezi 2 hadi 11, ni 50. Mwaka 1 hadi kabla ya kutimiza 5, ni 40. Na kama kifua kinabonyea chini ya mbavu anapovuta hewa, au hawezi kunyonya, usingoje asubuhi.